Siku Nilijifunza Kutembea na Mguu Moja

Wiki iliyopita sista wa kliniki pale mjini Wote alinivua kiatu, akapanguza kidole yangu ya mguu na pamba ya spiriti, na ile harufu ikanipiga mpaka nikasahau mahali niko. Sista ananiuliza, "Susu, nikidunga hapa unasikia?" Mimi sisikii sindano, na yeye mwenyewe simsikii. Niko Nuu, kijijini kwetu. Niko mtoto, nimesimama mlangoni kwa nyumba ya susu yangu, yaani nyanya yangu, na nyumba yote inanukia hiyo spiriti, na moshi, na yale mafuta ya mbarika alikuwa anajipaka mikononi. Binti yangu alikuwa kando yangu akaanza kufuta macho na leso, maana daktari ameshasema hiyo kidole pengine itakatwa, na kidole jirani yake pia. Ananiambia, "Mama, pole." Mimi nacheka! Akadhani nimechanganyikiwa. Wee, sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimemkumbuka mtu.

Nyinyi wa rika yangu mnajua vile hii ugonjwa ya sukari inatutembelea siku hizi, nyumba hii inapiga hodi, nyumba ile inaingia bila hodi. Basi kaeni niwaambie juu ya Susu, mama ya baba yangu. Nina hamu naye kama mtu amekufa jana, na mimi mwenyewe leo naitwa susu na watu wenye ndevu.

Mimi nilipewa jina yake. Yeye alikuwa Kalunde, mimi Kalunde. Na kwetu Ukambani mtu akikupa jina si jina tu amekupa. Baba yangu hakuwahi kuniita mtoto, aliniita "mwaitu," yaani mama yangu. Nikitoka shamba ananiambia, "Mwaitu, umechoka?" na mimi niko na miaka saba, kamasi inateremka. Mama naye ndiyo alikuwa na shida, maana mke hatamki jina ya mama mkwe wake hivi hivi. Kwa hivyo mama aliniita Kasusu, nyanya kadogo. Hata kunichapa alikuwa anashindwa. Anainua fimbo, halafu anakumbuka ni nani anachapa, anachapa mlango.

Susu akipata homa, majirani wanakuja kuniangalia mimi kama niko na homa. Yeye alikuwa na alama hapa juu ya jicho, alianguka akiwa msichana. Mimi nikaanguka kwa jiwe ya kusagia nikapasuka hapo hapo, jicho ile ile, na nyumba yote ikapiga kelele ya furaha! Damu inanitoka na watu wanacheka, "Mmeona? Ni yeye! Ni yeye kabisa!" Hakuna mtu aliniambia hiyo ni maneno ya kuchekesha tu. Mimi niliiweka kwa roho.

Sasa Susu alikuwa mtu wa kutembea. Hiyo ndiyo kitu watu walimjua nayo. Mrefu, mweusi, miguu mirefu, na alikuwa anatembea kama mtu ameitwa na watu wazuri. Ukisimama juu ya kilima unaona wanawake kumi wanatoka sokoni na huwezi kujua huyu ni nani na yule ni nani, lakini Susu unamjua. Kwa mwethya, kile kikundi cha wanawake cha kulimiana, yeye ndiye alikuwa anaenda mbele. Asubuhi wanakutana, jembe begani, yeye anaanza wimbo na anaanza njia, na wengine wanafuata mguu yake. Akiangalia nyuma akaona mtu ameachwa anasema, "Wewe, hiyo mguu uliazima? Rudishia mwenyewe!" Na yeye alipenda hiyo miguu yake, asikudanganye mtu. Alikuwa anaipaka mafuta ya mbarika mpaka magoti, na akikaa anainyoosha mbele ndiyo kila mtu aione. Rafiki yake Kalondu, mwanamke mfupi mwenye mdomo, alikuwa anamwambia, "Kunja hizo vitu, watu wanataka kupita."

Mwiba ilimdunga mguu ya kushoto, chini ya kidole. Mwiba ndogo, hata hakusema. Kidonda ikakataa kupona. Wakaweka majani, wakaweka majivu, wakaweka kitu ya mganga ambayo sijui ilikuwa nini lakini inzi wenyewe walikuwa wanaikimbia. Mguu ikakuwa nyeusi. Siku moja gari ya misheni ikamchukua, akaenda hospitali kubwa mbali, akakaa huko mpaka mahindi ikakomaa na ikavunwa. Baba alienda kumwona, akarudi, akakaa nje peke yake na hakukula. Sisi watoto hatukuambiwa kitu.

Siku alirudishwa mimi ndiye nilikimbia mbele. Nikaona mguu moja ikiteremka kwa gari. Nikangoja ingine.

Sikulia. Watu walidhani mimi ni mtoto mgumu, kumbe mimi nilikuwa nahesabu. Nilijiangalia mguu yangu ya kushoto. Nikaiambia kwa roho, basi, na wewe pia.

Mnaelewa? Alama ya jicho yake ilinifuata. Homa yake ilikuwa inatafutwa kwangu. Jina ni moja. Kwa akili yangu hiyo ilikuwa kitu imeamuliwa kama mvua, si kuuliza kama itakuja, ni kuuliza lini. Na sikuuliza mtu, maana utauliza nini juu ya kitu kila mtu anajua? Nikienda kuoga mtoni nilikuwa naosha hiyo mguu ya kushoto vizuri kuliko ile ya kulia, kama mgeni ambaye anaondoka kesho. Nikipata mafuta naipa yote. Mguu ya kulia naiambia, wewe ngoja, mimi na wewe bado tuko pamoja.

Sasa Susu. Susu ambaye tulirudishiwa hakuwa yule. Hospitali walimpa magongo mawili ya mbao, na vitambaa zimefungwa juu ndiyo isimuumize kwapa. Akamwambia baba aitundike kwa msumari, hapo nyuma ya mlango. Ikakaa hapo. Kiatu yake ya tairi, ile ya kushoto, akasema itupwe kwa choo, na akangoja baba arudi amwambie kweli imeingia. Halafu akakaa. Alikuwa anakaa kwa kitanda yake, blanketi imefunika kuanzia kiuno, mlango imefungwa nusu. Mgeni akibisha anaambia mama, "Subiri," anatengeneza hiyo blanketi, anaweka mto ndani yake hapo upande wa kushoto. Mto! Ndiyo mgeni akiangalia aone mtu amekunja miguu miwili vizuri. Mgeni akikaa mpaka jua ikageuka, Susu hatoki hapo, hata kama amebanwa na haja, mpaka nimwone jasho kwa uso. Mgeni akienda, ndiyo baba anaitwa ambebe.

Kubebwa ndiyo ilikuwa inamuua. Alikuwa anafunga macho.

Kalondu alikuja mara ya kwanza, akakuja mara ya pili. Mara ya tatu alisimama mlangoni na jembe yake na kusema kwa sauti, "Kalunde! Umekuwa bibi harusi wa kufichwa ndani? Mwethya inaimba kama kuku zinakufa. Toka!"

Susu akasema, "Waambie amekufa."

"Nani?"

"Mimi. Ukiulizwa, waambie nilikufa huko hospitali. Ni afadhali wanikumbuke vile nilikuwa natembea."

Kalondu alienda na jembe yake, na mimi nikaona anajipanguza uso na nyuma ya mkono. Mimi nikiwa hapo chini kwa mlango nachambua maharagwe nilisikia kila kitu. Na nikaogopa. Sikuogopa kukatwa, hiyo nilikuwa nimekubali. Niliogopa ile nyumba. Nikaona vile nitakaa hapo, mlango nusu, blanketi, mto, siku zote, na watoto wengine wanacheza nje na wanaambiwa mimi nilikufa.

Basi nikasema hapana. Wacha nianze mapema.

Nilipata tawi yenye panda juu, nikaikata na panga ya baba. Nikapata kamba ya katani. Nyuma ya boma ya mbuzi hakuna mtu alikuwa anapita mchana, kwa hivyo hapo ndiyo ilikuwa shule yangu, na hiyo ingine ya kuandika nilimaliza darasa la tatu tu, lakini hii ya mbuzi nilimaliza yote. Nilikunja mguu ya kushoto nyuma, nikaifunga na kamba kwa paja, nikaweka panda kwa kwapa, nikaenda. Nikaanguka. Mbuzi wakaniangalia. Nikasimama, nikaenda, nikaanguka kwa mavi yao. Siku ya kwanza niliweza hatua tatu. Siku ya tano nilikuwa naenda mpaka kwa mti wa mwiba na kurudi. Nikajua siri yake. Unaweka fimbo kwanza, halafu mwili, halafu mguu, na usiangalie chini, ukiangalia chini chini inakuita. Nikajua kushuka, nikajua kupanda. Nikajua hata kubeba kibuyu ya maji na mkono ingine. Nilikuwa nimefurahi! Mtoto hata akifungwa jela atapata mchezo.

Siku moja nikawa na kiburi, nikatoka nyuma ya boma nikapita uwanja katikati, mbele ya nyumba ya Susu. Naruka hivi, pu, pu, pu, mguu imefungwa, fimbo kwapani, na naimba.

Nikasikia ukelele. Sijawahi kusikia mtu mzima analia hivyo. "Ananicheka! Muthoka, kuja uone! Mtoto wako ananicheka!" Muthoka ni baba. Baba akatoka zizini mbio, akaniona, akasimama. Mama akatoka jikoni, akashika mdomo. Kwa mlango ya Susu, hapo kwa ile nusu imefunguliwa, niliona uso yake. Alikuwa ametambaa sakafuni kutoka kitandani.

Baba akakata fimbo kwa mti. Akasema, "Mwaitu, leo nitakuchapa. Mama yangu anachekwa na mama yangu? Kwangu?" Na mimi kukimbia siwezi, nimejifunga kamba mwenyewe!

Susu akasema, "Usimchape. Mlete hapa. Nataka anicheke karibu."

Baba akaniweka mbele yake, na ile kamba bado iko. Susu alikuwa amekaa chini kwa mchanga wa mlangoni, kisigino ya mguu moja mbele, na hakukuwa na blanketi. Ndiyo mara ya kwanza nikaona vizuri. Ilikuwa imeisha chini ya goti, imefungwa na bandeji, na hapo ndipo harufu ya spiriti ilikuwa inatoka. Nilidhani itakuwa kitu ya kuogofya. Ilikuwa tu kama kiwiko.

"Nani amekufundisha hiyo?" akaniuliza.

"Hakuna mtu. Nimejifunza."

"Umejifunza kunicheka."

"Hapana. Nimejifunza kutembea. Ndiyo yangu ikikatwa nitakuwa nishajua."

Baba akasema, "Yako ikatwe na nani?"

Nikashangaa na yeye. Nikasema, "Si jina ni moja?"

Kuku ilipita katikati yetu. Susu akaniangalia alama ya jicho, akaangalia kamba, akaangalia goti yangu vile imechubuka. Akaniuliza pole pole, sauti ingine kabisa, "Na kwa nini unataka kujua mapema hivyo?"

Na mimi, wenzangu, mtoto hajui kuficha, nikasema, "Ndiyo nisikae ndani kama wewe."

Aiya! Mama akafunika kichwa na leso. Mimi nikajua sasa hiyo fimbo inakuja.

Susu alishika tumbo. Mabega ikaanza kutingika, na mimi nikadhani analia. Kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, vitu viwili vimeshikana vinagombana, mpaka akaegemea ukuta. Tangu gari imrudishe hatukuwa tumesikia hiyo kicheko. Baba aliangusha fimbo, akageukia mbali.

Alipomaliza akanivuta, akafungua kamba na meno maana nilikuwa nimefunga fundo ya kufungia mbuzi. Akanisugua hiyo mguu mpaka damu ikarudi. Akasema, "Sikiza, Kalunde. Mimi nilikupa jina na mbuzi moja mwekundu. Kidonda sikukupa. Nani alikwambia nimekupa kidonda? Hii mguu ni yako. Utaenda nayo, na hiyo ingine, mpaka uchoke nazo."

Nikamwambia, "Lakini nimeshajua."

"Umeshajua nini?"

"Kwenda na moja. Mpaka kwa mti wa mwiba na kurudi. Na kibuyu."

"Bila kuanguka?"

"Naanguka kidogo."

Akaangalia huku na huku, kama anaangalia kama kuna mgeni. Halafu akaambia baba, "Muthoka, shusha hizo mbao kwa msumari." Na mimi akaniambia, "Haya, mwalimu. Nifundishe."

Hizo siku zilikuja baadaye, kama mtu ananiuliza ni siku gani nataka kurudishiwa kwa maisha yangu yote, siombi ya harusi, siombi ya kuzaa. Naomba hizo za nyuma ya boma. Mimi namwambia, "Susu, usiangalie chini!" na yeye ananitukana, "Wewe mtoto, chini ndiyo iko na mawe!" Anaanguka, anakaa hapo, anaambia mbuzi, "Mnaangalia nini, nyinyi mko na nne." Kwapa ikatoka malengelenge, mama akaongeza vitambaa. Siku zingine alikuwa anakataa, anageukia ukuta, anasema mguu ambayo haiko inamuuma kidole, na mimi nilikuwa naamini, nakuna hapo chini ya blanketi mahali kidole ingekuwa. Ananiambia, "Hapo. Juu kidogo. Hapo." Siku zingine alikuwa anakaa kwa jua bila kujifunika kitu na kupaka mafuta mguu ya kulia, halafu anapaka na ile nyingine, ile fupi, mpaka mwisho.

Halafu asubuhi moja akasema twende kwa mwethya.

Walikuwa wanachimba mitaro ya shamba upande ule mwingine wa mto. Huko kwetu mto ni mchanga, maji iko chini. Kwa mchanga magongo yanazama, na hiyo hatukuwa tumejifunza. Baba akasema atambeba, Susu akamwangalia tu, baba akarudi kwa ng'ombe zake. Tukaingia mimi na yeye. Hatua moja, gongo inazama, anaivuta, anapumua. Jasho inamwagika. Katikati ya mto akasimama, na huko juu tunasikia wanawake wanaimba, na nikaona anaangalia nyuma, mahali tumetoka. Ilikuwa karibu kurudi kuliko kuendelea. Sikusema kitu. Nilikuwa najua nikisema atarudi.

Akasema, "Hawajui kuimba hao," akaweka gongo mbele.

Tulipotokea juu ya ukingo wimbo ikakatika. Wanawake wote, jembe juu, jembe chini, macho hapo hapo mahali mguu haiko. Wengine wakaanza ile sauti ya matanga, "Uuui, Kalunde, pole, pole." Niliona shingo ya Susu inakuwa ngumu. Nikajua akigeuka sasa hatatoka tena.

Kalondu akaweka jembe chini. Akamwangalia juu mpaka chini, mikono kiunoni, akasema, "Umechelewa. Na hizo vitu umekuja nazo mbili, moja ni ya kunipiga mimi?"

Susu akasema, "Zote mbili ni zako. Songa, watu wanataka kupita."

Alikaa kwa ukingo ya mtaro na mguu yake imenyooshwa mbele, na ile fupi kando yake, hakuna blanketi, na akaanza wimbo. Alianza juu sana, sauti ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi, ikavunjika. Wakangoja. Akaanza tena chini kidogo. Wakaingia.

Kurudi nyumbani jua ilikuwa imeshuka na Susu alikuwa amechoka mpaka hasemi. Alienda pole pole na mimi nyuma yake. Kwa mchanga niliona vile anaandika. Mguu moja, mguu ya kulia, ndefu, na shimo mbili za gongo. Mguu, shimo, shimo. Na hapo mguu ya kushoto ingekanyaga, mchanga iko safi, hakuna mtu amepita. Hiyo mahali ilinisumbua. Nikaongeza mwendo nikafika karibu naye kabisa, upande wa kushoto.

"Usinisukume, utaniangusha," akasema.

Sikumsukuma. Nilingoja aweke mguu yake, halafu mimi nikakunja yangu ya kulia, nikaruka na kuweka ya kushoto hapo mahali yake ingekuwa, nikaikanyaga kwa nguvu ndiyo ishike. Yeye moja, mimi moja. Nilipotoka mtoni niligeuka nikaangalia nyuma, na kutoka hapo nilipoanza ilionekana ni mtu mmoja tu amevuka, mguu ya kulia ni ya mtu mzima, na ya kushoto ni ya mtoto.